Kibali cha Kulala

Taa ya kushoto ilikufa tulipoiacha Kasumbalesa.
Kapend akasema: Likasi haifikiki kwa jicho moja,
tulale Lubumbashi, ndani ya gari, kihalali.
Neno hilo, kihalali, alilitamka polepole
kama mtu anayeweka yai mezani.
Baba yake alikuwa karani wa mahakama.

Saa tatu usiku, mwezi wa sita,
baridi ile ya Katanga inayopita kwenye matundu ya vifungo.
Kwenye kituo cha mafuta mlinzi alitumulika usoni:
Anayenunua mafuta ni mteja.
Anayelala ni mwizi ambaye hajaamka.

Parokiani lango lilikuwa na kufuli mbili.
Padri yuko Kipushi, akasema mtu gizani,
na funguo ziko na padri,
na mbwa, huyu hapa, yuko nami.

Polisi wa mzunguko alikuwa mpole zaidi.
Kuegesha, alieleza, kunaruhusiwa.
Kulala kunaruhusiwa.
Ila ukiegesha ukalala, hapo ndipo kosa linapozaliwa.
Franga elfu kumi.
Kapend akaomba risiti.
Akaomba tena.
Polisi akamtazama kama mbuzi anayeuliza bei ya kisu,
akatupungia mkono tupite, kwa uchovu tu.

Kalumbu alikuwa amelala nyuma juu ya gunia la mchele,
kiatu kimoja mguuni, kingine sijui wapi.
Nikasema: basi tuendeshe hadi asubuhi, tuzunguke tu.
Kapend hakujibu. Sindano ya mafuta ilijibu.

Katuba, barabara imefungwa kwa matawi mabichi.
Nyuma ya matawi, mbaula nne, moshi, mikeka,
wanawake wamelala wamefunikwa vitenge
kama mkate unaosubiri kuumuka.
Kilio.
Mwanaume mwenye daftari akaja dirishani:
Ninyi ni wa upande gani?
Mume wangu, ambaye hata homa hawezi kuisingizia,
akasema: Upande wa barabara.
Yule mtu akacheka, akakumbuka alipo, akaziba mdomo.

Jina lake Monga. Alikuwa na karatasi ya komini,
imekunjwa mara nne, ina muhuri wa zambarau:
kufunga barabara, kuwasha moto,
kukesha na kulala nje, usiku tatu,
wafiwa pamoja na wageni wao.
Kapend aliisoma mbele ya taa yetu nzima.
Aliisoma mara mbili.
Kisha akauliza, kwa sauti ya baba yake:
Mgeni anafanywaje mgeni?

Monga akasogeza tawi.

Marehemu alikuwa Mama Ngoie, mshonaji wa sare za shule.
Cherehani yake ilikuwa mlangoni, imefunikwa shuka,
na watoto walikuwa wakiipita kwa adabu.
Nilipewa bukari na sombe na nafasi kwenye mkeka
kati ya mwanamke aliyekoroma na mwanamke aliyeomba.
Kalumbu alimezwa na rundo la watoto;
hakuna aliyeuliza ni wa nani.
Karibu saa kumi alfajiri nikajikuta nalia.
Sikumjua. Nilijua tu pindo za sketi yangu ya bluu,
darasa la tatu, Kolwezi,
ambazo mtu fulani alizishusha kila mwaka
bila kunidai kwamba nilikua.
Aliyekoroma akanishika kifundo cha mkono, usingizini au la,
akakiachilia kulipokucha.

Kapend alilala garini, viti vimelazwa,
karatasi ya komini kifuani kwa dakika kumi
hadi Monga alipokuja kuichukua.

Asubuhi tulitoa elfu tano, pamoja na nusu ya mchele.
Kiatu cha Kalumbu kilikuwa chini ya breki, siku zote.
Njiani Kapend akanyamaza hadi tukayaona mawe ya Likasi,
kisha akasema: Waliandika nini?
Nilikuwa nimechungulia daftari.
Waliandika: Ipsum nyeupe, familia.
Mstari wa arobaini na moja,
chini ya chama cha washonaji,
juu ya mtu ambaye hakuandika jina wala kiasi,
aliandika tu: deni.